Plaketi kubwa na damu isiyokatika: panya wa maabara ana lipi la kumwambia mama wa Katuba?

"Dokta, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Katuba hapa Lubumbashi. Binti yangu ana miaka 12. Tangu akiwa mdogo pua inamtoka damu, na akijigonga kidogo tu anabaki na mabaka ya bluu. Labo ilisema plaketi zake ni 41,000. Walimpa prednizoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara tatu; uso ulivimba, plaketi hazikupanda. Mwezi uliopita aliona siku zake kwa mara ya kwanza, damu ikatoka siku 11 mpaka akaongezwa damu. Daktari mwingine akaangalia damu yake kwa hadubini, akasema plaketi ni kubwa ajabu, huenda ni ugonjwa wa Bernard-Soulier. Kaka yake anayesoma Unilu, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, amekuta kwenye intaneti kwamba kuna jeni ya panya inayoitwa Gp1ba: panya walioikosa walitoka damu kama dada yake, halafu wakapona walipowekewa jeni ya mtu. Sasa shangazi wa watoto anasema ugonjwa umetoka kwa panya wa nyumba yetu, au kwenye ukoo wangu. Ni kweli? Jeni hiyo inaweza kuwekwa kwa mtoto? Na wale wanaosema atolewe bandama, niwasikilize?"

Mama, umeuliza maswali matatu, lakini nasikia la nne ambalo hukuliandika: je, kuna kitu nilichofanya mimi? Nianze na hilo. Hakuna. Si chakula ulichokula ukiwa na mimba, si usafi wa nyumba, si laana ya mtu. Na panya wanaokimbia juu ya dari lako hawahusiki kabisa. Wana magonjwa yao wanayoweza kutuletea, kwa hiyo endelea kuwatega, lakini jeni haiambukizwi kwa mkojo wa panya wala kwa unga alioutafuna.

Mkanganyiko umetoka kwenye jina. Wanasayansi wana desturi ya kuandika jeni ya panya kwa herufi kubwa moja mwanzoni, Gp1ba, na jeni hiyohiyo ya mtu kwa herufi kubwa tupu, GP1BA. Panya anayo, sisi tunayo, kwa sababu wanyama wote wanaonyonyesha wanahitaji damu iweze kusimama. Kwa panya iko kwenye kromosomu ya 11, kwetu iko kwenye ya 17. Kama binti yako ana hitilafu, ni kwenye nakala zake yeye, alizozaliwa nazo. Panya wa kwenye intaneti ni wa maabara, aliyetengenezwa makusudi ili aumwe kama watu wachache wanavyoumwa. Yeye ndiye aliyepewa ugonjwa wetu.

Sasa nieleze jeni hii inafanya nini, maana ukilielewa hili, mengine yote niliyo nayo ya kukuambia yatakuwa rahisi.

Plaketi, ambazo vitabu vya shule huziita chembe sahani, ni vipande vidogo vinavyomegeka kutoka kwenye seli kubwa za uboho wa mifupa. Mtu mwenye afya ana kati ya 150,000 na 400,000 katika mikrolita moja ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu. Watu wengi wanadhani kazi yake ya kwanza ni kugandisha. Hapana. Mshipa ukikatika, shida ya kwanza ya plaketi ni kusimama, kwa sababu damu kwenye mishipa midogo ya ateri inakimbia. Fikiria mtu aliyechukuliwa na mto Lufira wakati wa mvua nyingi. Hata akijua kuogelea, mkondo unampita nguvu. Kitakachomwokoa ni kamba iliyofungwa kwenye mti wa ukingoni, na mkono wake uidake.

Ndani ya mshipa, ukingo ni nyuzi za kolajeni zinazobaki wazi pale pa jeraha. Kamba ni protini ndefu iitwayo von Willebrand, kwa jina la daktari wa Finland aliyeeleza ugonjwa wake mwaka 1926. Kamba hiyo ina tabia ya ajabu: damu ikienda polepole inajikunja kama donge la uzi, mkondo ukiwa mkali inavutwa, inanyooka, na mahali pa kushikia panafunuka. Na mkono unaoidaka ni glikoprotini Ib alfa, ambayo ndiyo inayotengenezwa kwa maagizo ya jeni ya GP1BA. Plaketi moja ya mtu ina mikono hiyo kama 25,000. Mkono unashika, unaponyoka, unashika tena. Plaketi inabingirika kwenye ukuta wa mshipa, inapunguza mwendo, mpaka mikono mingine yenye nguvu zaidi inaishikilia kabisa. Hapo inawaita wenzake, zinafungamana kwa fibrinojeni, protini ya damu inayoziunganisha, na kizibo kinajengwa.

Mtoto asiye na mkono wa kwanza anaweza kuwa na mikono mingine yote salama, na kamba nzuri kabisa, lakini plaketi zake zinapita tu pale pa jeraha kama abiria wa basi lisilosimama kituoni. Ndiyo sababu inamtoka damu puani, kwenye fizi na wakati wa siku zake, mahali penye mishipa midogo mingi karibu na ngozi laini. Mtoto wa hemofilia, ugonjwa mwingine wa damu kutoganda, yeye huvimba magoti na viwiko. Ni hitilafu ya hatua nyingine.

Kuna jambo moja kaka yake anapaswa kulijua kabla hajaganda kwenye Gp1ba. Mkono huu hausimami peke yake. Unaungana na glikoprotini Ib beta, na ya IX, na ya V. Ib alfa, Ib beta na IX zinategemeana kama mafiga: moja ikikosekana, nyingine hazifiki vizuri juu ya plaketi. Kwa hiyo hitilafu ya binti yako inaweza kuwa kwenye GP1BA, au GP1BB, au GP9, na kwa macho ugonjwa ni uleule. Ya V ni tofauti. Mwaka 1999 walitengenezwa panya wasio na jeni ya Gp5, na wote walitarajia wangepata Bernard-Soulier. Hawakupata. Plaketi zao zilikuwa na ukubwa wa kawaida, tena zilishtuka upesi zaidi mbele ya trombini, protini inayochochea damu kuganda, kana kwamba glikoprotini V ilikuwa breki. Haya ndiyo mambo yanayonifanya niwaheshimu panya wa maabara: wanakataa kuthibitisha kile tulichokuwa tumeshakiamini.

Panya aliowasoma mwanao walielezwa mwaka 2000 na Jerry Ware na wenzake kwenye taasisi ya Scripps, California. Waliifuta Gp1ba. Panya waliozaliwa bila nakala hata moja walitoka damu kwa muda mrefu, plaketi zao zilikuwa chache, na zilikuwa kubwa mno, picha ileile ambayo Jean Bernard na Jean-Pierre Soulier waliieleza Ufaransa mwaka 1948. Kisha wakaleta panya wengine waliokuwa na GP1BA ya mtu na kuwazalisha pamoja. Watoto waliopata jeni ya mtu badala ya ile iliyofutwa hawakuwa na tatizo hilo. Angalia vizuri, Mama: hakuna panya mgonjwa aliyechomwa sindano akapona. Walizaliwa nayo. Jaribio lilithibitisha kwamba jeni hiyo ndiyo chanzo, basi. Neno "wakapona" limemponza mwanao kidogo, ingawa simlaumu, maana hata makala nyingi zinaandika hivyo.

Lakini jaribio ninalolipenda zaidi ni lile lililofuata mwaka 2002, na ndilo linalomhusu binti yako moja kwa moja. Glikoprotini Ib alfa ina sehemu mbili: kiganja kilicho nje, kinachodaka kamba, na mzizi ulio ndani, uliofungwa kwenye mifupa ya plaketi kupitia protini iitwayo filamini. Ware na wenzake walichukua panya wasio na jeni, wakawapa protini ya kuungaunga: mzizi wa kweli ndani, lakini nje kiganja cha protini nyingine isiyohusika na damu. Idadi ya plaketi ikapanda, ukubwa ukapungua. Ukiwapima labo panya hao, karatasi ingependeza. Baadaye, mwaka 2006, watafiti walijeruhi mshipa wa ateri wa panya hao wakaangalia kwa hadubini damu ikipita. Kizibo hakikujengwa. Plaketi zilikuwepo, zilikuwa nyingi, lakini hazikuwa na kiganja.

Kwa maneno mengine, uchache wa plaketi na kutoka damu ni vitu viwili tofauti vilivyotokana na protini moja. Mzizi unasaidia uboho kumega plaketi kwa ukubwa unaofaa. Kiganja kinasimamisha damu. Sasa rudi kwenye yale yaliyompata mtoto. Miaka yote mmekuwa mkipigana na namba, 41,000, mkitaka ipande. Hata ingepanda, mkono ungekuwa bado haupo.

Na namba yenyewe siiamini sana. Mashine nyingi za labo zetu zinahesabu kwa ukubwa: kila chembe inapita kwenye tundu jembamba, umeme unashtuka kidogo, na kadiri chembe ilivyo kubwa ndivyo mshtuko ulivyo mkubwa. Mashine imefundishwa kwamba ndogo ni plaketi na kubwa ni chembe nyekundu. Plaketi ya kawaida ina upana wa mikromita 2 au 3. Chembe nyekundu ina 7 au 8. Plaketi ya Bernard-Soulier inaweza kulingana na chembe nyekundu, kwa hiyo mashine inaipanga upande usio wake na kutangaza kwamba plaketi ni chache kuliko zilivyo. Kwenye kioo cha hadubini hudanganyiki hivyo. Plaketi ya kawaida ni kidoa cha zambarau, unaweza kukiruka kwa jicho. Hii nyingine ni duara zima la zambarau lenye punjepunje, limekaa katikati ya chembe nyekundu kama mwenzao. Aliyemaliza dakika 10 akitazama damu ya binti yako amemsaidia kuliko kopo zima la prednizoloni. Mshukuru.

Nisijifanye mwerevu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye opitali ambayo sitaitaja, kuna kijana nilimtibu kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa plaketi zinazoshambuliwa na kinga ya mwili, kwa sababu karatasi ilisema plaketi chache na mimi nikaamini karatasi. Sikwenda kuangalia kioo mpaka fundi wa labo, mzee aliyekaribia kustaafu, aliponifuata barabarani na kuniambia, "Dokta, njoo uone kitu." Kosa hilo ndilo kosa linalowapata wagonjwa wa Bernard-Soulier duniani kote, si hapa kwetu tu. Ugonjwa wa kinga ni wa kawaida zaidi, huu wetu ni nadra mno, kama mtu mmoja kwa milioni, na daktari anafikiria kwanza kile anachokiona kila wiki.

Kuna dalili zinazotenganisha mambo haya mawili. Ugonjwa wa kinga mara nyingi humwanza mtoto ghafla, baada ya homa au mafua, na mara nyingi hujibu dawa. Wa kwako alianza tangu mdogo, dawa zimeshindwa mara tatu, na anatoka damu kuliko namba yake inavyotaka. Hata hivyo Bernard-Soulier bado ni dhana mpaka ipimwe. Kuna ugonjwa mwingine wa plaketi kubwa, wa jeni ya MYH9, unaoweza kuharibu masikio na figo. Mwombe daktari apime protini kwenye mkojo na amuulize mtoto kama anasikia vizuri darasani. Na daktari ahakikishe si ugonjwa wa von Willebrand, ambao ni wa kamba yenyewe na unapatikana kwa watu wengi zaidi.

Vipimo vya uhakika ni vya aina tatu. Cha kwanza kinatumia ristosetini. Hiyo ilikuwa dawa ya kuua vijidudu, ikaachwa kwa sababu iliwashusha wagonjwa plaketi. Wataalamu wakagundua kwamba inaifanya kamba ya von Willebrand ishikane na plaketi ndani ya chupa, na dawa iliyofukuzwa wodini ikapata ajira labo. Plaketi za Bernard-Soulier hazishikani hata ukizimwagia ristosetini, wala hata ukiongeza plazma ya mtu mzima wa afya. Za mgonjwa wa von Willebrand, ukiongeza plazma hiyo, zinashikana. Cha pili ni mashine ya mwanga inayohesabu mikono juu ya kila plaketi. Cha tatu ni kusoma jeni.

Hapa nikupe ushauri wa pesa, maana najua vipimo hivi si vya kila labo ya mji wetu. Plaketi hazisafiri. Kipimo cha ristosetini kinataka damu mbichi, ya saa chache tu, kwa hiyo ni mtoto mwenyewe anayepaswa kwenda mahali penye mashine. Lakini kwa kusoma jeni, kinachosafiri ni chupa ndogo ya damu. Kabla ya kuuza kitu chochote ili umpandishe mtoto ndege, muulize daktari wako wa damu kama sampuli inaweza kutumwa badala yake. Na ukikosa vyote kwa sasa, usikate tamaa: sehemu kubwa ya matunzo yanaweza kuanza leo hata kabla jina la ugonjwa halijathibitishwa.

Kuhusu ukoo. Lubumbashi nzima inajua habari ya SS na AS, ugonjwa wa selimundu, basi tutumie hiyo. Mtoto wa SS anapata S moja kwa mama na S moja kwa baba. Wazazi wenyewe ni AS na wanatembea vizuri. Bernard-Soulier kwa kawaida ni hivyohivyo. Kila mzazi ana nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, nakala nzima inamtosha, hana habari. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye nakala mbili mbovu. Kwa hiyo mwambie shangazi wa watoto, kwa heshima zake zote, kwamba kama ugonjwa umetoka kwenye ukoo, umetoka kwenye koo mbili, na mmoja wao ni wake. Ikiwa wewe na baba watoto mna undugu wa mbali, mwambieni daktari bila aibu. Undugu huongeza nafasi ya nakala mbovu kukutana, na inamsaidia yeye kufikiri. Wale watoto wako wengine watatu wapimwe kwa kioo cha hadubini, hasa kabla ya kung'olewa jino, na mtoto wa kiume kabla ya kutahiriwa.

Bandama: hapana. Bandama inatolewa wakati mwingine kwenye ugonjwa wa kinga kwa sababu ndiyo inayokula plaketi. Kwa binti yako, ukiitoa, utabaki na plaketi zilezile zisizo na mkono, pamoja na mtoto aliyepasuliwa huku damu yake haisimami, na ambaye baadaye atakuwa dhaifu mbele ya vijidudu vingi. Mpaka utambuzi uwe wa uhakika, mtu asimguse kwa kisu. Na kama bado anameza prednizoloni, usiikatishe ghafla kwa sababu umesoma maneno yangu; daktari aipunguze hatua kwa hatua.

Jeni kwa mtoto. Jibu la kweli ni: kwa panya ndiyo, kwa mtu bado. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambamo walichukua uboho wa panya wasio na Gp1ba, wakaingiza jeni kwa kutumia kirusi kilichopunguzwa makali, wakaurudisha uboho ule kwa panya walioandaliwa kwa mionzi. Hao ndio panya waliotibiwa kweli, na kutoka damu kwao kulipungua. Lakini panya si mtu mdogo. Ana plaketi zaidi ya milioni moja kwenye mikrolita, na mkono wake hauidaki vizuri hata kamba yetu ya von Willebrand. Leo hakuna tiba ya jeni iliyoidhinishwa kwa Bernard-Soulier popote. Mtu akikuletea karatasi kwamba kuna kliniki nje inauza tiba hiyo, funga mlango. Kupandikizwa uboho wa ndugu kumefanywa kwa wagonjwa wachache waliokuwa na hali mbaya sana, lakini kupandikiza kwenyewe kunaweza kuua, na watu wengi wenye ugonjwa huu wanaishi, wanasoma na kuzaa bila hiyo. Mimi nisingemkimbizia mtoto wangu.

Sasa nyumbani. Cha kwanza ni kabati la dawa. Aspirini isiingie, wala ibuprofeni, diklofenaki na indometasini, ambazo kwetu zinauzwa kama karanga. Zote zinalaza plaketi, na zake tayari zimelemaa. Maumivu na homa vitulizwe kwa parasetamoli. Malaria ikimshika, aombewe dawa ya kumeza au ya kwenye mshipa, isiwe sindano ya matako, kwa sababu inaweza kuacha donge kubwa la damu ndani ya nyama. Chanjo asikose, zinaweza kutolewa kwa sindano nyembamba, kisha pakandamizwe dakika 10 bila kusugua. Nkambo, yaani bibi au babu yake, akitaka kumchanja kwa wembe ili kumkinga, mheshimu, mpe kiti, na ukatae.

Pua: mketishe, ainamishe kichwa mbele, si nyuma. Bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 15 kwa saa, bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu. Kila ukiachia, kizibo kidogo kilichoanza kinang'oka. Ndani ya pua mpake vazelini kidogo usiku, hasa Juni na Julai, vumbi na baridi kavu vinapopasua ngozi. Meno apige mswaki laini kila siku, maana fizi zilizovimba hutoka damu bure.

Kuna dawa iitwayo asidi traneksamiki, vidonge au ya mshipa, ambayo haiongezi plaketi bali inazuia kizibo kilichokwisha kujengwa kisiyeyuke. Si ya gharama ya kutisha, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Muulize daktari kipimo kwa uzito wake, uwe nayo nyumbani kwa ajili ya pua, jino na siku zake. Isitumiwe akikojoa damu, kwa sababu damu inaweza kuganda na kuziba njia ya mkojo.

Siku zake ndilo jambo litakalomsumbua zaidi kuanzia sasa. Siku 11 mpaka kuongezwa damu si kitu cha kusubiri kijirudie. Daktari wa wanawake anaweza kumpa vidonge vya homoni, vilevile vinavyotumika kupanga uzazi, ili kupunguza au kusimamisha damu kwa miezi kadhaa. Najua maneno yatakayosemwa mtaani msichana wa miaka 12 akionekana na vidonge hivyo. Ni dawa yake ya damu, na habari hiyo ibaki kati yako, yeye na daktari. Apimwe pia akiba ya madini ya chuma. Sombe, ndakala na maini vinasaidia, chai isubiri saa moja baada ya bukari maana inazuia chuma kuingia, lakini baada ya kupoteza damu kiasi hicho chakula peke yake hakitoshi. Atahitaji vidonge vya chuma kwa miezi.

Kuongezewa plaketi ni silaha ya kuhifadhi. Mwili wake haujawahi kuuona ule mkono, kwa hiyo plaketi za watu wengine zinaweza kuonekana kama adui, ukatengeneza kingamwili, na siku ya ajali zisifanye kazi tena. Zitumike kwa kutoka damu kunakotishia uhai au kwa upasuaji, si kwa ajili ya kupandisha namba kwenye karatasi.

Na usikae nyumbani ukingoja asubuhi ikiwa pua haijakoma baada ya nusu saa ya kubanwa vizuri, ikiwa amejigonga kichwa hata kama anacheka, ikiwa kichwa kinamuuma sana na anatapika, ikiwa choo ni cheusi kama lami au anatapika damu, ikiwa kitambaa cha hedhi kinajaa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au ikiwa tumbo linamuuma ghafla na midomo imepauka. Hapo ni opitali, usiku huohuo, kwa pikipiki kama gari hakuna.

Kaka yake mpe kazi inayomfaa. Aandike kadi ndogo, upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiswahili: jina la dada yake, kundi la damu, "plaketi kubwa, inashukiwa Bernard-Soulier", hakuna aspirini wala diklofenaki, hakuna sindano ya nyama, asidi traneksamiki na kipimo chake, namba ya simu yako. Aifunike kwa plastiki. Moja ikae kwenye mfuko wa shule, nyingine kwa mwalimu wake. Na utakapokuja kunionyesha mtoto, njoo na kile kioo chenyewe alichoangalia yule daktari, kama labo bado hawajakitupa.